Chombo cha moteri

Kando ya ziwa Kivu watu wengi husafiri majini, toka Goma hata Minova, hata Bukavu. Wazee walivuka kwa kafi. Moteri huvuka upesi zaidi, lakini ina moto na kelele, kwa hiyo yataka ulinzi.

Kwanza ni kizibao cha kuokoa, ambacho bandarini huitwa jile. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kimoja kilizama katika ziwa hilo, watu wengi wakapotea. Rais Félix Tshisekedi akaamuru kila msafiri avae kizibao. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova, kimejaa kupita kiasi, kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Watu wa ufukoni walikitazama kikizama.

Kizibao kilichowekwa chini ya benchi hakimsaidii mtu, kwa maana chombo kikipinduka hakuna nafasi ya kukitafuta. Tena mikanda yote ifungwe. Isipofungwa, kizibao hupanda juu ya kichwa na mwili huteleza chini. Mtoto akivaa kile cha baba yake, ni hivyo hivyo.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Barabarani upepo huutawanya. Chomboni hushuka na kukaa chini kama maji kisimani, wala hauonekani. Cheche moja yatosha. Nahodha mwenye akili hufungua mahali pa moteri, huingiza hewa, hunusa, ndipo huwasha. Kizima-moto kiwe karibu na mkono wake, si nyuma ya magunia ya mihogo.

Usiku taa nyekundu iwe kushoto, ya kijani kuume, nyeupe nyuma.

Na kelele? Wengine hudhani sheria yake ni kwa ajili ya usingizi wa watu tu. Moteri nyingi hutoa moshi chini ya maji, na maji humeza sauti. Nchi za Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2013, zimeweka mpaka: desibeli 67 kwa moteri ndogo, 75 kwa kubwa. Lakini wako wanaokata bomba ili moteri ingurume. Nahodha wa namna hiyo hasikii honi ya mwenzake: mlio mmoja mfupi, «nageuka kuume», miwili, «kushoto», mitatu, «narudi nyuma». Wala hamsikii mtu aliyeanguka majini akimwita.

Maulizo. Mvuke wa esansi hukaa wapi chomboni? Kizibao kisichofungwa hufanya nini? Honi ikilia mara mbili, chombo kinageuka wapi?