Saa ya Kurudi, na Mlango wa Aliyechelewa

Wadogo zangu, leo tuzungumze habari ya usiku. Kila linapotokea jambo baya la vijana hapa mjini, mtu kanyang'anywa simu kwa panga Mbagala au duka limevunjwa Tandale, hakosi mtu mzima barazani wa kusema itungwe sheria: asiyetimiza miaka 18 akikutwa nje baada ya saa tatu usiku akamatwe, na mzazi wake alipe faini. Mkisikia hivyo mnakuja mmenuna. Mmoja ananiambia, Dada, wanatuonea. Mwingine, tena binti, ananong'ona kuwa afadhali iwepo, maana kaka yake hamsikii mama wala hamsikii baba, labda atamsikia polisi. Nawaelewa wote wawili. Kaeni niwaambie ninavyoona.

Kwanza tusidanganyane. Mtoto wa miaka kumi na tano hana shughuli barabarani saa sita usiku. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nimekuja kuwatetea kwa kila kitu. Najua kigodoro kikipigwa mtaa wa pili, singeli ikaanza kukimbia, miguu haitulii. Wenzenu wote wako kule, na wewe uko ndani unasikiliza baba anavyokoroma. Viongozi wamevipiga vigodoro marufuku mara kadhaa, navyo vinarudi, kwa sababu watu wanapenda kufurahi, hata mimi napenda. Lakini mdogo wangu, saa za mwisho za kigodoro zina wenyewe. Wakati huo wazazi wa mtaa wameshalala, waliobaki wamelewa, na yule kaka aliyekununulia chipsi na soda tangu saa mbili anaanza kudai chenji yake. Boda aliyekuleta bure hakukuleta bure. Kweli sheria ipo, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 tangu marekebisho ya 2016, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Nashukuru kwa yote mawili. Ila miaka 30 ya mwanaume yule haikurudishii usiku ule, na kurudi darasani huku maziwa yanavuja kifuani ni kazi ngumu ambayo sikuombei.

Na ninyi wavulana msijione mmesalimika. Waliokuwa wakubwa kidogo wakati ule wanaikumbuka Ijumaa ya Januari 2, 2015. Uvumi kuwa panya road, yale magenge ya vijana wanyang'anyi, wanakuja ulienea kwa simu, maduka yakafungwa, watu wakakimbia hata wasijue wanamkimbia nani. Siku zilizofuata polisi wakakamata vijana kwa mamia. Hebu fikirini, katika mamia hayo walikuwemo wangapi ambao kosa lao lilikuwa kukaa kijiweni tu? Halafu ikaja 2022, vijana wenye mapanga wakavamia nyumba Kawe mwezi wa Septemba, mwanafunzi wa chuo akauawa, na muda si mrefu polisi wakatangaza kuwa watuhumiwa kadhaa nao wameuawa. Mama wa mwanafunzi yule alilia. Na mama wa kila kijana aliyekufa naye alilia, tena yeye alilia kwa kujificha, kwa sababu mtaa haumpi pole mama wa panya road. Kijana haanzi na panga. Anaanza kwa kukaa tu na wenzake wasioulizwa na mtu wako wapi, usiku wa kwanza, usiku wa pili, mpaka anatumwa asimame kona aangalie kama mtu anakuja.

Sasa mtaniuliza, kama Dada unayajua yote hayo, mbona husemi sheria iwekwe? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, ninyi na wazazi wenu.

Amri ya kutotoka nje tumeshaionja. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vurugu zilipozuka, Mkuu wa Jeshi la Polisi alitangaza kuwa Dar es Salaam nzima mwisho wa kutembea ni saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Watu walikuwa wametoka asubuhi. Daladala zikawa hazionekani, intaneti imezimwa, huwezi hata kumtumia mtu ujumbe umweleze ulipo. Wapo waliolala walikokutwa na jioni, wapo waliotembea kwa miguu kutoka mjini huku roho iko mkononi. Watu walikufa siku zile, na familia nyingine bado zinaugulia. Amri ikaondolewa mwanzoni mwa Novemba. Nisichosahau mimi ni hofu ya yule aliyechelewa bila kosa lake. Kila taa ya gari aliyoiona ilimfanya ajifiche.

Wenzetu wa Nairobi yamewakuta pia. Kenya iliweka amri ya usiku Machi 27, 2020 kwa ajili ya korona, na siku chache baadaye, Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi ya polisi waliokuwa wakisimamia amri hiyo. Alikuwa kwenye roshani ya nyumbani kwao. Ndiyo, alikuwa kwao.

Na tusisahau kwamba huku uswahilini "ndani" si kitu ambacho kila mtu anacho. Nenda Buza, nenda Mwananyamala, nenda Tandika. Familia ya watu sita ina chumba kimoja, labda na sebule. Pazia limegawa kitanda cha wazazi na godoro la watoto. Joto la Februari linajulikana. Kijana wa miaka kumi na sita akiingia saa mbili anakaa wapi? Baraza na kijiwe ndiyo sebule yake. Choo kiko uani, bomba la maji liko kwa jirani na maji yanatoka usiku. Mwanafunzi wa Chamazi anayesoma mbali amekataliwa na makonda tangu saa kumi na moja jioni, hakuna anayemtaka kwa sababu ya nauli yake ndogo, anashuka kituoni kwao saa tatu kasoro. Ramadhani ana tarawehe, Pasaka ana mkesha. Polisi ataanzaje kumtenga huyu na yule anayetafuta kuiba? Atawapakia wote kwenye difenda, kisha yaanze mazungumzo ya "mzazi ana shilingi ngapi". Wazee wa Temeke wawasimulie Nguvukazi ya mwaka 1983, watu walivyosombwa mitaani kwa kosa la kuzurura wakapelekwa vijijini. Mwenye kitambulisho cha kazi alipita, asiye nacho alibebwa. Sheria za namna hiyo huwa zinajua kumkamata maskini haraka kuliko kumkamata mwizi.

Mbona hatuanzi na sheria tulizo nazo? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asifanyishwe kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa tembea Mbagala Rangi Tatu saa nne za usiku uone watoto wenye sinia za mayai na karanga. Wametumwa na nani? Na pombe hairuhusiwi kuuzwa kwa mtoto, lakini vile viroba vya kwenye chupa ndogo wanavipata wapi? Tumwache mwenye baa, tumwache anayemtuma mtoto, halafu tumkamate mtoto! Hilo mimi nalikataa.

Huko duniani wamejaribu sheria za usiku kwa watoto, na matokeo hayafanani. Washington, mji mkuu wa Marekani, saa ya watoto kuingia ndani ilikuwa ikibadilika kwa majira, miezi mingine saa tano usiku, miezi mingine saa sita. Watafiti wawili, Jillian Carr na Jennifer Doleac, wakapima milio ya bunduki katika ile saa moja ya katikati. Ilizidi pale sheria ilipoanza mapema. Maelezo yao yanaingia akilini: barabara ikiondolewa watu, mashahidi nao wanaondoka, na mwenye nia mbaya anabaki huru. Iceland nao wana sheria: wa miaka 12 kushuka chini saa mbili usiku awe kwao, wa 13 hadi 16 saa nne, na kiangazi wanaongezewa saa mbili. Kule ulevi wa vijana ulipungua sana. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja, na kufika 2016 walikuwa asilimia 5. Msikimbilie kusema ni saa tu iliyofanya kazi. Wazazi wenyewe walizunguka mitaani usiku kuwarudisha watoto, wa kwao na wa wenzao, na manispaa zikatoa fedha za michezo na muziki ili kijana awe na mahali pa kwenda jioni. Hapa kwetu kiwanja cha mpira kikionekana kinakaa bure, kesho kina msingi wa fremu za maduka.

Sasa narudi nyumbani, maana huko ndiko shauri langu liliko. Saa ya kurudi lazima iwepo. Iwe ya kwenu, mmekubaliana na mama au baba au bibi anayewalea, na iwe na sababu zake: siku za shule mapema, Jumamosi mkaongezewa kidogo, siku ya harusi ya ndugu mkarudi pamoja na wakubwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo mzazi akikaza usimwone adui. Binti, usifurahi kama saa ya kaka yako haipo na yako ipo. Dai wote mpewe, kwa kuwa mapanga na karandinga huwapata wavulana zaidi.

Lakini nawaambia wazazi kwa heshima zote, shikamooni: saa ikishapita, mlango usigeuke kuwa adhabu. Naona nyumba nyingi geti linafungwa saa nne, na mama anaapa, "Asiyekuwepo akalale huko huko alikotoka." Mnajua huko alikotoka ni wapi? Ni geto la kaka fulani mwenye godoro na redio. Mtoto aliyechelewa nusu saa kwa uzembe tu, akiogopa kugonga, anageuka kuwa mtoto aliyelala nje. Asubuhi anaongopa, kesho yake anachelewa tena kwa sababu kigumu kimeshapita. Binti naye akishalala nje usiku mmoja, mtaa unamhesabia mia. Na hivi ndivyo ile sheria ingefanya kwa mji mzima. Mtoto ambaye saa imempita, huku kuna mtu anamfuata nyuma gizani, angewaona polisi na kuwakimbia badala ya kuwakimbilia. Usiku, anayehitaji msaada kuliko wote ni yule aliyechelewa, na yeye ndiye tunayetaka kumfanya mkosaji.

Mfungulie. Mwangalie kama ni mzima, mpe maji, alale. Maneno yawe asubuhi, na yawe makali, adhabu iwepo, simu ichukuliwe wiki nzima ikibidi. Usiku kazi ni moja tu, aingie.

Nanyi wadogo zangu, mlango ukifunguliwa hivyo msiugeuze mchezo. Mama anayekesha kukusubiri, saa kumi alfajiri anakwenda Kariakoo kufuata mboga. Ukichelewa, piga simu kabla ya kuulizwa, hata kwa simu ya konda, useme uko wapi na uko na nani, ukweli. Ukikwama, simama penye watu na taa, kwa muuza chipsi, kwenye duka la dawa, msikitini, kwa mjumbe. Kama kinachokuzuia kurudi kiko nyumbani kwenyewe, kama ni baba wa kambo, mjomba au mpangaji anayekusumbua usiku, hapo usinisikilize habari za kuwahi, nisikilize hili: piga 116, ni namba ya msaada kwa watoto na haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ukiwa na mtu mzima unayemwamini. Kikulacho ki nguoni mwako, na si kosa lako. Ukikamatwa, usikimbie wala usijibu kwa kejeli. Taja umri wako, omba mzazi au afisa ustawi wa jamii aitwe. Kwa Sheria ya Mtoto, mtoto hahukumiwi kifungo cha jela, na kesi yake ni ya mahakama ya watoto, ile ya hapa iko Kisutu. Usikubali kuongeza miaka ili uonekane mkubwa.

Wiki hii basi, kabla hamjagombana tena, kaeni na mama siku ambayo hakuna aliyechelewa. Muulize: nikichelewa, nigonge dirisha lipi, nimpigie nani? Kama geti ni la mama mwenye nyumba, mama yako aende akamwombe ufunguo wa pili, hata kama itabidi auchongeshe kwa hela yake.