Somo la Mwezi: Jani la Manjano Halisemi Kila Mara "Nina Kiu"

Masomo ya Biblia: Luka 13:6-9, Ayubu 2:11-13 na 42:7



Mwezi huu tunajifunza jambo la mikono: jinsi ya kutambua shida ya miche tunayoiotesha katika makopo, mifuko na bidoni zilizokatwa, hasa inapogeuka rangi. Huenda mtu akauliza, je, hili nalo ni somo la kanisa? Ndiyo, ni somo la kanisa. Bustani ya mlangoni ndiyo mboga ya watoto wetu mgao unapokwisha kabla ya mwezi. Na maji tunayoimwagilia hapa Nakivale tumeyapangia foleni. Anayeyamwaga bila kuchunguza anapoteza mara mbili: maji na mche.

1. Kosa langu mwenyewe

Kiangazi kimoja, mama mmoja wa kanisa letu alinisimamisha baada ya ibada. "Mchungaji, mipapai yangu inageuka manjano. Nifanye nini?" Nilikuwa na haraka ya kwenda mkutanoni. Nikamjibu pale pale, "Mama, ni hili jua. Ongeza maji, asubuhi na jioni."

Alikuwa na miche 6 katika makopo ya mafuta ya kula. Akatii neno la mchungaji wake. Aliamka kabla ya alfajiri kupanga bidoni bombani, na sehemu ya maji ya nyumbani akaipa miche. Baada ya majuma mawili nikapita kwake. Miche 4 ilikuwa imelala. Nikachokonoa udongo kwa kijiti, harufu ya kuoza ikatoka. Nikainua kopo na kutazama chini yake: hakuna tundu hata moja. Ile mipapai ilikuwa inazama, nami niliagiza iongezewe maji!

Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, watoto walikunywa kidogo ili miti inywe." Neno hilo sijalisahau hadi leo. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake. Tangu siku hiyo simpi mtu shauri la mche nisioutazama.

2. Kwa nini maji mengi yanafanana na kiu

Mizizi inapumua. Katikati ya punje za udongo mna nafasi ndogo za hewa. Maji yakizijaza nafasi hizo muda mrefu, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi, inaanza kufa, na magonjwa ya kuoza yanaingia. Mzizi uliokufa haunywi tena. Ndiyo maana mche unaweza kunyauka huku umesimama ndani ya maji. Mwenye nao anaona umenyauka, anadhani ni kiu, anaongeza maji, na kwa upendo wake anaumaliza.

Mpapai ni dhaifu sana kwa jambo hili. Siku chache tu za udongo uliojaa maji zinatosha kuufanya uwe manjano na kupukutisha majani. Nyanya nayo haipendi kusimama ndani ya maji.

3. Pima kwanza, mwagilia baadaye

Vipimo hivi havihitaji fedha. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuvijifunza.

(a) Kidole. Ingiza kidole ndani ya udongo hadi kiungo cha pili, kama sentimita 5. Usidanganywe na udongo wa juu, kwa maana jua linaukausha upesi huku chini bado kumelowa. Kidole kikitoka na udongo wa unyevu ulioshikamana nacho, usimwagilie leo. Kikitoka kikavu, mwagilia.

(b) Uzito. Inua kopo mara tu baada ya kumwagilia, uujue uzito wake. Liinue tena kila asubuhi. Likiwa jepesi, maji yamekwisha. Likiwa bado zito, ngoja.

(c) Tundu. Tazama chini ya kopo. Toboa matundu 4 au 5 kwa msumari, kisha uliweke juu ya vijiwe viwili au vitatu ili maji yapate njia. Wengine wanatia mawe ndani bila kutoboa. Hayo hayasaidii, maji yanabaki humo humo.

(d) Saa. Miche mingi inalegea saa saba mchana jua likiwa kali, kisha inasimama yenyewe jioni. Hiyo si kiu. Mche wa kuhurumiwa ni ule unaoamka asubuhi ukiwa bado umelegea na udongo wake ni mkavu.

Ukiona inafaa kumwagilia, fanya asubuhi, polepole, hadi maji yaanze kudondoka chini, kisha acha. Ni afadhali kumwagilia vizuri mara moja na kungoja, kuliko kunyunyizia kidogo kidogo kila saa.

4. Jinsi ya kusoma jani

Jiulize maswali mawili: Je, ni majani ya chini yaliyo ya zamani, au ya juu yaliyo mapya? Na udongo ukoje?

Majani ya chini ni manjano, mche umelegea, udongo umelowa. Ni maji mengi. Mizizi mizima huwa myeupe na imara. Iliyooza huwa ya kahawia, laini, na inanuka.

Majani yamelegea, kingo zimekauka kama karatasi, kopo ni jepesi. Hii ndiyo kiu ya kweli. Angalia pia kama udongo umejitenga na ukuta wa kopo. Ukiwa hivyo, maji unayomwaga yanapita pembeni bila kuingia. Simamisha kopo lenye matundu ndani ya beseni yenye maji kidogo kwa nusu saa, udongo uyanyonye kutoka chini. Maji yanayobaki mpe mche mwingine.

Majani ya chini yanapauka yote sawasawa, mche hausongi mbele, lakini udongo una unyevu wa kiasi. Hii ni njaa, si kiu. Mara nyingi mche umekosa naitrojeni. Uongezee samadi iliyooza vizuri. Usitie samadi mbichi, inaunguza mizizi.

Majani mapya ya juu ni manjano huku mishipa yake imebaki ya kijani. Mche unakosa madini ya chuma. Kwetu jambo hili linaweza kuletwa na majivu mengi. Wengi tunamwaga majivu ya jikoni ndani ya kopo kila siku tukidhani ni mbolea. Majivu kidogo yanafaa. Yakizidi yanabadili udongo, na mche unashindwa kuchukua chuma hata kama kimo humo.

Majani ya nyanya changa yana rangi ya zambarau upande wa chini. Mara nyingi ni baridi ya asubuhi au upungufu wa fosforasi. Weka mche mahali penye joto, upe mboji.

Madoa meupe makavu yametokea ghafla baada ya kuhamisha mche kutoka kivulini. Jua limeuunguza. Uzoeshe jua kidogo kidogo kwa juma moja.

Jani lina vidoa vidogo vidogo kama vumbi, au linanata. Ligeuze. Vidukari, inzi weupe na utitiri wanakaa upande wa chini. Waoshe kwa maji au wafute kwa vidole.

Mche mchanga umekatika shingoni pale unapotoka udongoni. Ni ugonjwa wa kuoza, unaopenda unyevu mwingi na msongamano. Huo hauponi. Ung'oe, na miche mingine uipe nafasi na hewa.

Kuhusu maji tuliyokwisha kuyatumia: maji ya kuoshea lengalenga au mchele yanafaa sana. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi, au yenye dawa ya kung'arisha nguo, usiyamwage ndani ya kopo. Chumvi zake zinakusanyika na kuunguza kingo za majani.

5. Kuuokoa mche uliozama

Acha kumwagilia. Toboa matundu. Weka kopo mahali penye hewa na kivuli chepesi, usilifiche gizani. Chokonoa udongo wa juu taratibu ili ukauke. Udongo ukiwa unanuka, toa mche pamoja na udongo wake kwa uangalifu, kata mizizi iliyooza, uupande katika udongo mpya. Mimi ninachanganya sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 1 ya mchanga na sehemu 1 ya samadi iliyooza. Usiutie mbolea mpaka uchipue, kwa maana mgonjwa asiye na nguvu hapewi karamu.

Na jambo hili mlishike sana: jani lililokwisha kuwa manjano kabisa kwa sababu ya maji mengi, kwa kawaida halirudi kuwa kijani. Usikae ukilitazama na kulia. Tazama kile kijani kidogo kinachotoka juu. Kikitoka kizima, mche wako umepona.

Katika ile miche 6, miwili tuliipata bado ina mizizi myeupe. Mmoja ulikufa. Mwingine ulitoa jani jipya siku ya kumi, tukauhamishia ardhini mvua za Septemba zilipoanza. Watoto walewale waliokunywa kidogo wamekwisha kula papai lake.

6. Neno la Mungu linatufundisha nini?

Katika Luka 13 Bwana Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ameutazama miaka mitatu, ameona hauna tunda, anataka ukatwe. Lakini mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, ili achimbe kuuzunguka na kutia samadi. Yule wa kwanza ameona matawi. Mtunzaji anataka kufika kwenye mizizi. Na ili ufike huko sharti upige magoti na kuchafua mikono.

Marafiki wa Ayubu walianza vema. Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Kila mmoja alikuja na dawa aliyoileta kutoka kwake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Ndugu zangu, sisi wachungaji na wazee wa kanisa tunafanya hivyo mara nyingi. Kijana ananyamaza, tunasema ni kiburi, tunamwongezea maonyo. Kumbe amekwisha kuonywa hadi akazama. Anachokosa ni nafasi ya kupumua. Mjane haonekani katika maombi, tunasema imani imepoa. Kumbe zamu yake ya bomba ni saa ile ile. Tunasema "ongeza maombi" kama nilivyosema "ongeza maji", kabla ya kuingiza kidole udongoni. Maombi ni mema, na maji ni mema. Lakini mtu anayetoa shauri bila kufika nyumbani anaweza kumtwika mwenzake mzigo ambao watoto ndio wataulipa kwa kiu.

Na sisi tulioacha mashamba na makaburi ya wazazi wetu, tunayo majani ambayo hayatarudi kuwa kijani. Mungu hatuulizi kuhusu hayo kama kwamba ni kosa letu. Yeye anautazama mzizi, na anaona kama bado ni mweupe.

7. Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Leo kila mtoto achague kopo moja, alipime kwa kidole na kwa uzito. Amegundua nini?
2. Je, makopo yetu yote yana matundu?
3. Ni nani tuliyempa shauri mwezi huu bila kwanza kumsikiliza? Tutamwendea lini?
4. Ni jani gani jipya ambalo Mungu ameliotesha katika nyumba yetu, nasi hatujamshukuru?

Tuombe: Baba, utusamehe pale tulipoongeza maji kwa mtu aliyekuwa anazama. Utupe subira ya kuchunguza kabla ya kusema. Ubariki bustani zetu ndogo na mikono ya watoto wanaozitunza. Katika jina la Yesu, Amina.