Picha ya Mnyama Ndani ya Bahasha: Namna ya Kujizoeza Kutazama kwa Mbali

Kutazama kwa mbali ni kujaribu kueleza kitu ambacho macho yako hayakifikii na hujaambiwa habari zake. Anayeanza hukwama penye mambo mawili: akili kukimbilia jina, na kujisahihishia mwenyewe. Picha ya mnyama iliyofichwa humfundisha kuyakabili yote mawili. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio tunaoutumia mimi na mdogo wangu, na naupenda kwa sababu haumpi mtu nafasi ya kujidanganya.

Majaribio yanayojulikana zaidi ya kutazama kwa mbali yalifanyika California. Mwaka 1972 mwanafizikia Harold Puthoff alianza majaribio na msanii Ingo Swann katika Stanford Research Institute, na mwenzake Russell Targ akajiunga naye. Serikali ya Marekani iligharamia kazi ya namna hii kwa zaidi ya miaka 20. Katika tathmini ya mwaka 1995, mtakwimu Jessica Utts alisema matokeo ya maabara yalizidi bahati nasibu, huku mwanasaikolojia Ray Hyman akikataa kwamba jambo hilo limethibitishwa. Ripoti ilieleza kwamba taarifa zilizopatikana kwa njia hiyo hazikuwahi kutumika kuongoza operesheni yoyote ya kijasusi. Kwa hiyo anza ukijua kwamba swali bado lina ubishi, na andaa zoezi lako kwa uangalifu unaostahili swali la namna hiyo.

Kuandaa bahasha

Msaidizi apange picha kwa makundi ya nne nne. Wanyama wa kundi moja watofautiane kwa umbo na mazingira: twiga nyikani, pweza baharini, bundi gizani, kinyonga juu ya jani. Simba na chui wakikaa kundi moja, hutajua maelezo yako yanamhusu yupi.

Kila picha tunaichapa nakala mbili, moja ya bahasha na nyingine ya kuamulia, ili picha iliyoshikwashikwa isijulikane kwa mikunjo yake. Msaidizi hurusha dadu kuchagua picha. Ikitoka 5 au 6 anarudia. Kisha huibana picha katikati ya vipande viwili vya kadibodi, huitia kwenye bahasha ya kaki, huifunga kwa gundi na kuondoka nyumbani.

Kuondoka huko ni lazima. Kule Berlin alikuwapo farasi aitwaye Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alikuwa akisoma miondoko midogo ya muulizaji, ambayo hata muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Ikiwa farasi aliweza kumsoma mtu hivyo, nawe unaweza kumsoma msaidizi wako bila kutambua.

Kutazama

Kaa penye utulivu na karatasi isiyo na mistari. Dakika 15 zinatosha. Andika kwanza sifa: laini au ya kukwaruza, baridi au joto, imesimama au imelala, inasogea au imetulia. Chora mistari inayokujia, hata kama haina maana.

Kwa kuwa unajua ni mnyama, majina yatakuja mbio. Katika njia aliyoifundisha Swann, jina likija huandikwa pembeni, kalamu ikawekwa chini kidogo, kisha kazi ikaendelea. Karatasi yangu moja ina maneno “majimaji, inajikunja, rangi ya udongo”, na pembeni kabisa “nyoka?”. Chini yake niliendelea: “inashika, miviringo midogo iliyojipanga, chumvi”. Rafiki aliyelinganisha karatasi hiyo na picha nne alichagua pweza, na kweli ndiye aliyekuwa kwenye bahasha. Kupatia mara moja hakuthibitishi kitu, maana hata anayekisia tu hupata moja kati ya nne. Lakini karatasi ile inaonyesha faida ya kutosimama kwenye jina: ningeishia kwenye nyoka, mwamuzi asingekuwa na la kulinganisha.

Kuamua

Mwamuzi awe mtu wa tatu asiyejua jibu. Apewe karatasi yako na nakala zote nne, azipange kuanzia inayofanana zaidi na maelezo hadi inayofanana kidogo, aandike mpangilio huo, ndipo bahasha ifunguliwe. Karatasi isiwe na tarehe wala neno lolote kuhusu kikao kilichopita. Mwaka 1978 David Marks na Richard Kammann, wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walieleza kwamba maandishi ya majaribio ya Puthoff na Targ yalikuwa na vidokezo vya aina hiyo, na kwamba vingeweza kumsaidia mwamuzi kuoanisha.

Kuhesabu

Panga idadi ya vikao kabla hujaanza. Hesabu umepatia pale tu mwamuzi alipoiweka picha ya kwenye bahasha nafasi ya kwanza. Katika vikao 20, kubahatisha kunatarajiwa kukupa 5 vya namna hiyo. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takribani mara 4 katika kila 100, na hapo inafaa urudie mfululizo mpya kwa masharti yaleyale. Ukibaki kwenye 5, andika 5. Utakuwa umejifunza kueleza kitu kabla ya kukipa jina, ustadi unaomfaa mchoraji, mpelelezi na mwalimu. Tunza kila karatasi, zilizokosa pamoja na zilizopatia, na usimwambie mtu matokeo mpaka kikao cha mwisho kimehesabiwa.