JINSI YA KUPIMA SIFA ZA DAWA
Somo kwa wakulima juu ya ugonjwa wa saratani

Katika gazeti hili mmezoea kusoma juu ya mbegu, mbolea, josho na maziwa. Somo la mwezi huu ni juu ya saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansa, na juu ya dawa zinazosifiwa kwamba huuponya. Huenda mtu akauliza: karani wa ofisi ya kilimo ana neno gani juu ya dawa za watu? Mimi si daktari, wala sitakufundisha kutibu. Lakini kazi ya kupima kama jambo ni kweli au si kweli, ninyi mnaifanya kila mwaka mashambani mwenu. Nataka muitumie akili ile ile siku mtakapokuwa na mgonjwa nyumbani.

SHAMBA LA KUJARIBIA

Tuseme mchuuzi amekuja na unga mweusi katika chupa. Asema ukiutia shambani utavuna mahindi mara mbili. Jirani yako aliutia, na kweli alivuna vizuri. Je, utauza mbuzi ununue unga huo?

Mkulima mwenye akili atauliza kwanza. Mwaka ule mvua ilikuwaje? Jirani alitia samadi pia? Alipalilia mara ngapi? Na wale wengine walionunua unga huo wakavuna magunzi matupu, wako wapi? Bwana Shamba atakuambia: gawa ekari moja vipande viwili. Panda mbegu moja, siku moja, palilia sawasawa. Tia unga katika kipande kimoja tu. Wakati wa mavuno, pima magunia. Kipande kile kisichotiwa kitu ndicho kitakachokuonyesha kazi ya unga.

Na dawa hupimwa hivyo hivyo. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa mmoja hugawanywa kwa kura makundi mawili, ili wenye nguvu wasiwekwe wote upande mmoja. Kundi moja hupewa dawa mpya, na la pili hupewa matibabu ya kawaida. Kisha huhesabiwa waliopona na waliokufa, kila upande, bila kumwacha mtu nje ya hesabu.

MAMBO MANNE YANAYODANGANYA

Mtu anayesema “dawa hii iliniponya” si lazima awe mwongo. Mara nyingi asema kwa moyo safi, lakini amekosea. Tazama sababu hizi.

La kwanza: pengine hakuwa na saratani kamwe. Si kila uvimbe ni saratani. Kwa kawaida saratani huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha nyama ya mahali pale na kukitazama kwa hadubini. Mtu ambaye hakupimwa hivyo hawezi kujua amepona nini.

La pili: pengine alipasuliwa hospitali, uvimbe ukaondolewa, kisha akanywa dawa ya mitishamba. Alipopona, sifa akaipa ile aliyoinywa mwisho. Ni kama kusifu unga mweusi na kuisahau samadi.

La tatu: ugonjwa una siku nzuri na siku mbaya. Mgonjwa mwenye matumaini hula na kulala vizuri zaidi kwa muda. Maumivu yakipungua wiki mbili, uvimbe waweza kuwa bado unakua ndani.

La nne: wafu hawatoi ushuhuda. Aliyepona huzunguka sokoni akisimulia, na aliyekufa amenyamaza. Ukisikia sauti za walio hai tu, utadhani kila mtu alipona.

KISA CHA KOKWA ZA APRIKOTI

Huko Marekani, katika miaka ya 1970, dawa moja iliyoitwa Laetrile ilipata sifa kubwa. Inahusiana na kitu kinachopatikana ndani ya kokwa za tunda la aprikoti. Maelfu ya wagonjwa wa saratani waliitumia, wengine wakivuka mpaka kwenda kuitafuta Mexico. Majimbo zaidi ya 20 yaliiruhusu kwa sheria, kwa sababu watu walipiga kelele kwamba madaktari wanawanyima uponyaji.

Hatimaye dawa ikajaribiwa waziwazi. Hospitali ya Mayo Clinic pamoja na nyingine chache ziliwapa wagonjwa 178 dawa hiyo, na chakula cha namna ile waganga wake walivyoagiza. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1982. Hakuna aliyeponywa. Miezi 7 baada ya kumaliza sindano, saratani ilikuwa imeongezeka katika wagonjwa wote. Hapa hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha, lakini shamba likikauka lote, huhitaji kipande cha pili kujua kwamba unga haukufaa.

Tena wagonjwa kadhaa walionekana kuwa na sumu ya sianidi katika damu. Sumu hiyo mnaijua, wakulima. Ndiyo iliyo katika muhogo mchungu, na ndiyo huua ng’ombe waliokula mtama mchanga ulionyauka kwa jua. Basi msiamini neno hili, kwamba kitu kikitoka mtini hakiwezi kudhuru.

KIKOMBE CHA LOLIONDO

Jambo kama hilo lilitokea karibu nasi. Mwaka wa 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja chatosha kuponya kisukari, ukimwi, saratani na magonjwa mengine. Watu maelfu kwa maelfu walikwenda, na Wakenya wengi wakiwemo. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali.

Bei ile ilikuwa ndogo, wala simwiti mzee yule mwizi. Lakini wema wa mtu si kipimo cha dawa yake. Uponyaji ule haukuthibitika. Gharama kubwa haikuwa ile shilingi 500, bali ni dawa zilizoachwa na siku zilizopotea.

MITISHAMBA ISIDHARAULIWE

Msidhani kwamba ninaidharau miti ya wazee wetu. Kuna mmea mdogo wa Madagaska, wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, ambao watu hupanda uani kwa uzuri. Watu wa nchi mbalimbali walikunywa chai ya majani yake kwa ugonjwa wa kisukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada na Marekani waliujaribu. Hawakuona faida kwa kisukari, lakini waliona kwamba unapunguza chembe nyeupe za damu. Kutokana na mmea huo ikapatikana dawa ya vinkristini, inayotumika hata leo kutibu saratani ya damu ya watoto, na ile saratani ya taya ambayo Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka wa 1958 alipokuwa Uganda.

Angalieni jambo hili. Mmea ulisifiwa kwa ugonjwa mmoja, ukafaa kwa mwingine, na hilo lilijulikana kwa kupima. Wala usichume majani hayo ukayatafuna, kwa maana yana sumu. Ni kiasi kilichopimwa na daktari ndicho kinachotibu.

GHARAMA YA KUCHELEWA

Mwaka wa 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza hesabu yao. Waliwatazama wagonjwa 281 waliochagua dawa za namna nyingine peke yake, wakawalinganisha na wagonjwa 560 waliotibiwa hospitali. Wote saratani zao zilikuwa hazijaenea sehemu za mbali za mwili. Waliokataa hospitali walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu kuliko wenzao. Kwa saratani ya matiti, hatari ilizidi mara tano.

Mimi mwenyewe nimelipa gharama hiyo. Shangazi yangu alipata uvimbe katika titi, mdogo kama punje ya kunde. Alisikia habari za mtu mwenye dawa ya chupa, akauza ng’ombe wake wa gredi. Mimi, mwalimu niliyesomea kufundisha watoto kuhesabu, ndimi niliyemsindikiza na kubeba chupa zile. Sikuuliza swali hata moja. Baada ya miezi minane tulikwenda hospitali, na daktari akatuambia kwamba ugonjwa umefika mifupani. Nayaandika maswali haya kwa sababu siku ile sikuyauliza.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

1. Je, ugonjwa umethibitishwa kwa kipimo cha hospitali, au tunakisia tu?

2. Wangapi walipewa dawa hii, na wangapi walikufa? Anayejua waliopona tu hana hesabu.

3. Walilinganishwa na nani? Kipande kisichotiwa unga kiko wapi?

4. Je, dawa yasemwa kuponya kila ugonjwa? Hakuna mbegu moja inayofaa milimani na pwani pia, wala hakuna dawa ya namna hiyo.

5. Je, naambiwa niache hospitali, nifiche jambo hili, au nilipe haraka? Mmoja katika hayo watosha kukuonya.

Ukiona uvimbe, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida, kikohozi kisichokwisha au shida ya kumeza chakula, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Saratani nyingi zikionekana mapema hutibika, na ile ya mlango wa uzazi hata huweza kuzuiwa. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari bila haya, kwa maana mingine hugombana na dawa za hospitali. Na ikiwa ugonjwa umeshindikana, usikate tamaa: hospitali zina dawa za kutuliza maumivu, na kumtunza mgonjwa asiteseke ni kazi ya daktari pia.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Someni maswali haya kwa sauti jioni, ili wote wa nyumbani wayasikie, kisha ukateni ukurasa huu muuweke pamoja na kadi za kliniki.