Mashuka ya mitumba na maganda ya vitunguu: jinsi ya kutia rangi ya asili nyumbani na kupata kipato



Tangu Daraja la J.P. Magufuli, yaani la Kigongo–Busisi, lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita zaidi ya kilomita 3 juu ya ziwa kwa dakika chache. Ni neema kwa mgonjwa na kwa mwenye mzigo wa nyanya. Lakini aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga, karanga na ndizi kwa abiria wanaosubiri kivuko amebaki na beseni. Abiria hasubiri tena. Kwa hiyo tunahitaji bidhaa ambayo haiozi jioni, na ambayo wewe mwenyewe unaweza kuvuka nayo daraja ukaipeleka mjini.

Somo la leo ni moja ya bidhaa hizo: vitambaa vya meza, foronya na mapazia kutokana na mashuka ya pamba ya mitumba, yaliyotiwa rangi kwa vitu tunavyotupa jikoni na shambani. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: rangi ya asili siyo ngumu kuipata, ngumu ni kuifanya ikae. Mteja akifua mara mbili rangi ikaondoka, umempoteza yeye na jirani zake.

1. Kuchagua kitambaa mnadani

Kanda yetu ya Ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na nyingi inauzwa nje ikiwa nyuzi. Kisha tunainunua tena kama mtumba. Basi angalau tuinunue kwa akili. Mlango Mmoja pale Mwanza, au kwenye gulio lolote, wahi asubuhi belo linapofunguliwa. Watu wengi hukimbilia nguo za kuvaa, na mashuka ya zamani mazito, mapazia na vitambaa vya meza hubaki kwenye rundo. Hapo ndo pa kutafuta.

Chukua nyeupe au krimu. Rangi ya asili inashika pamba, kitani, hariri na sufu. Poliesta haishiki. Usitegemee lebo peke yake, maana mara nyingi imekatwa. Vuta uzi mmoja kwenye pindo, uwashe kwa kiberiti:

- Ukiungua haraka, ukanuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, ni pamba au jamii yake. Nunua.
- Ukiyeyuka, ukanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu, ni poliesta. Acha.
- Ukiungua kama karatasi lakini jivu lina vipande vigumu, ni mchanganyiko. Rangi itakuwa hafifu.

Kwenye vyombo vya zamani, tafuta sufuria kubwa ya enameli. Ikague ndani. Palipobanduka enameli panatoa kutu, na kutu inageuza njano kuwa kijani cha giza. Sufuria ya aluminiamu nayo inafaa. Chombo ukishakitia kazi hii kisirudi kupika ugali.

2. Mahitaji kwa nusu kilo ya kitambaa kikavu

- Magadi, vijiko viwili vya chakula, na sabuni kidogo
- Majani mabichi ya mpera, nusu kilo
- Shabu iliyopondwa, gramu 75 hadi 100
- Maganda makavu ya vitunguu maji, nusu kilo. Ni mengi, yanajaza kiroba, kwa hiyo anza kukusanya mapema kwa mama ntilie na wauza vitunguu
- Maji lita 10 kwa kila hatua

Pima kwa mzani wa duka, usikadirie kwa macho. Ukipata rangi nzuri leo, mteja atataka ileile mwezi ujao.

3. Hatua

*Siku ya kwanza: kufua.* Chemsha kitambaa kwenye maji yenye magadi na sabuni kwa saa moja, kisha suuza vizuri. Hata kama kinaonekana kisafi, kina mafuta na masalia ya dawa za kulainisha. Maji yakitoka ya njano, ujue kilikuwa kichafu. Usiruke hatua hii, madoa mengi yanaanzia hapa.

*Jioni yake: majani ya mpera.* Chemsha majani kwa saa moja, chuja, loweka kitambaa hadi asubuhi. Majani haya yana tanini, ile inayokaza mdomo ukitafuna. Pamba yenyewe haipendi kushika shabu, tanini ndiyo inayoiunganisha. Kitambaa kitageuka rangi ya chai hafifu, usishtuke.

*Siku ya pili: shabu.* Kamua kitambaa. Yeyusha shabu kwenye maji ya moto, ongeza maji mengine, loweka kitambaa hadi kesho yake. Kigeuze mara kwa mara ili kisibaki na mabaka. Shabu ndiyo inayoshikisha rangi.

*Siku ya tatu: rangi.* Chemsha maganda ya vitunguu kwa saa moja, chuja. Ingiza kitambaa kikiwa kibichi, moto mdogo kwa saa moja, yasitokote kwa nguvu. Epua, acha kipoe humohumo usiku kucha.

*Siku ya nne:* suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini. Utapata njano ya dhahabu.

Rangi nyingine unazoweza kujaribu kwa utaratibu huohuo: majani ya muembe hutoa njano tulivu, na maganda na kokwa za parachichi hutoa rangi ya waridi iliyofifia. Ukitaka kijivu au kijani cha giza, loweka misumari yenye kutu kwenye siki na maji kwa wiki mbili, kisha weka kiasi kidogo sana kwenye maji ya kumalizia. Ikizidi, chuma hula nyuzi na kitambaa kinachanika.

Binzari, rozela na bitiruti zinavutia sana siku ya kwanza. Jua linazifuta haraka. Usizitumie kwa bidhaa ya kuuza.

4. Jaribio kabla ya kuuza

Kata vipande viwili vya kila rangi. Kimoja kifue mara tatu kwa sabuni unayotumia nyumbani. Cha pili funika nusu yake kwa boksi, kiache juani wiki moja. Kisha linganisha. Rangi kupungua kidogo ni kawaida, na mteja mwambie kabisa: fua na maji baridi, anika kivulini. Ikiwa nusu iliyokuwa juani imepauka kabisa, rangi hiyo haiendi sokoni. Tunza vipande hivi kwenye daftari pamoja na vipimo vyako.

5. Hesabu

Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Shuka la mita 2 kwa mita 2.3 linatoa vitambaa vya meza 9, kila kimoja kama sentimita 60 baada ya kupinda.

- Shuka: 6,000
- Shabu na magadi: 2,000
- Kuni: 1,500
- Fundi na uzi: 4,500
- Nauli: 3,000
- Kazi yako, siku mbili kwa 5,000: 10,000

Jumla 27,000. Gawa kwa 9, kila kitambaa kimekugharimu 3,000. Kimoja kikiharibika, vilivyobaki vinapanda hadi 3,375. Wengi husahau mstari wa mwisho, wanauza 2,500 na kufurahi kuona 22,500 mkononi. Ukitoa 17,000 zilizokutoka mfukoni, umebaki na 5,500 kwa siku mbili za kazi. Hiyo siyo biashara, ni kibarua ulichojiajiri kwa bei ya chini. Kushusha gharama, fanyeni kikundi: nauli moja, moto mmoja, mashuka matano.

6. Tusiharibu tulipo

Usibandue magome ya miti. Mti ukizungushwa kisu unakufa, na rangi ya shuka moja haina thamani ya muembe. Tumia majani unayokata wakati wa kupogoa.

Maji ya magadi na ya shabu usiyamwage ziwani wala kwenye bustani ya mboga. Chimba shimo mbali na kisima. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo jiko la kazi hii liwe nyumbani, siyo mwaloni. Maganda yaliyochujwa peleka kwenye shimo la mboji, bado yana kazi shambani.

Anza na foronya moja ya zamani uliyonayo ndani kabla hujatoa hela ya shuka. Ukikwama kwenye hatua yoyote, njoo ofisi ya kata na kipande chako pamoja na vipimo ulivyotumia, tukiangalie pamoja.

Kazi njema.