Mtoto Akinajisiwa: Dondoo kwa Wazazi wa Kitale na Bungoma

Mtoto akikwambia amenajisiwa, mwamini, kisha harakisha.

1. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Unyevu huharibu ushahidi.
2. Mfikishe hospitali ya rufaa ya kaunti kabla ya saa 72 kwisha: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazingoji.
3. Kwenye kituo cha polisi ulizia dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio). Fomu ya P3, ile ya polisi ya matokeo ya uchunguzi wa mwili, hujazwa na daktari.
4. Umekwama? Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure, usiku na mchana.
5. Kikao cha wazee cha kulipana ng'ombe, kataa! Kunajisi mtoto ni jinai. Chifu hana mamlaka ya kumaliza kesi hiyo nyumbani.
6. Mtoto asisimulie upya kila jirani anapobisha hodi.