Kutoka Sidii hadi Mtandao: Mtoto Akirudia Somo, Nani Hulipa?

Katika ukurasa niliopewa mwaka huu nataka kufunza jambo lililonitia taabani nyumbani kwetu hapa Kithimani. Ni habari ya video za masomo za watoto, na jinsi zilivyohama kutoka kwenye sidii hadi mtandaoni.

Tuanze na msamiati. Kile kisahani kinachong'aa sote hukiita sidii, hata kikiwa ni dividii. Vitabuni utakuta diski, au santuri, jina lililobaki tangu enzi za gramafoni. Ukiichukua video mtandaoni ukaihifadhi ndani ya simu, umeipakua. Lakini ukiitazama huku inakuja, isibaki popote, hapo husemwa imetiririshwa. Neno hili nalipenda kwa sababu sisi tunaoishi karibu na mtaro wa Yatta, ule unaoyatoa maji Mto Thika, tunajua maana ya kutiririka. Maji yakipita yamepita. Kama huna tangi, kesho utayafuata tena na mtungi wako.

Sidii husomwa na mwale wa leza unaopita juu ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Sidii ya kawaida hubeba megabaiti 700 hivi, na dividii ya upande mmoja gigabaiti 4.7. Haitaki mtandao. Inataka stima, deki na televisheni, na adui yake mkubwa ni mikwaruzo. Baba alinunua moja ya alfabeti na nambari kwa shilingi 50 katika duka la sinema karibu na stendi. (Nikiri hapa kwamba ilikuwa nakala tu, na walioitengeneza hawakupata hata ndururu.) Dadangu aliitumia, nami nikaitumia, na watoto wa jirani walikuwa wakijaa sebuleni kila jioni kuimba nayo. Sijui tuliicheza mara ngapi. Mara mia tano? Hakuna aliyehesabu, kwani haikutugharimu zaidi ya stima.

Kisha mambo yakabadilika, na si kwetu tu. Kule Marekani, Netflix ilianza kutuma dividii kwa posta mwaka wa 1998, ikaanza kutiririsha mwaka wa 2007, na Septemba 2023 ikafunga kazi ya dividii kabisa. Hapa Kenya, mwaka wa 2016 nilipokuwa darasa la kwanza, serikali ilianza kupeleka tabuleti katika shule za msingi, masomo yakiwa yamewekwa tayari ndani yake. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, nilikuwa darasa la tano. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitufunza kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Sikumbuki mtu yeyote akitaja sidii wakati huo. Siku hizi hata yule mwenye duka la sinema ananakili kwenye flashi tu.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Kitindamimba wetu ana miaka 4 na anapenda Akili and Me, katuni za Kiswahili zinazotengenezwa Tanzania na Ubongo, wale wale wa Ubongo Kids iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 2014. (Msichanganye na Akili Kids!, ambayo ni stesheni ya televisheni ya hapa Kenya iliyofunguliwa tarehe 31 Machi 2020.) Jumamosi moja ya Aprili mama alikwenda kanisani akaniachia simu yake. Nikamfungulia mtoto wimbo wa kuhesabu, nami nikaenda kukata nyasi za ng'ombe. Niliporudi, kitu kilikuwa kinazunguka tu kwenye skrini.

"Imelala," mtoto akaniambia.

Haikuwa imelala, jamani. Bando lilikuwa limekwisha. Mama huuza nyanya, na dalali humtumia ujumbe kwa WhatsApp kumwambia lori litapita saa ngapi. Ujumbe wa siku hiyo tuliupata usiku, jirani alipotuwashia mtandao wa simu yake. Lori lilikuwa limepita saa kumi. Makreti matatu ya nyanya mbivu yalibaki mlangoni. Mama hakunichapa wala hakunigombeza. Aliyatazama tu yale makreti, akaingia ndani. Afadhali angenichapa!

Jumatatu nilifanya hesabu, nanyi fuateni na kalamu. Wimbo una dakika 3, yaani sekunde 180. Video ya ubora wa chini huweza kutumia kilobiti 500 kila sekunde. 180 mara 500 ni kilobiti 90,000, ambazo ni megabiti 90. Gawanya kwa 8, upate megabaiti 11.25. Lakini simu ikiachwa ichague ubora yenyewe, mtandao ukiwa na nguvu inapanda. Kwa kilobiti 2,000 wimbo ule ule unakula megabaiti 45. Mtoto akiurudia mara 11, ni megabaiti 495. Mama alikuwa na 500. Kwa hivyo mtandao mzuri ndio uliotumaliza!

Kuna watakaosema mtoto apunguziwe video. Pengine. Lakini mtoto wa miaka 4 hujifunza kwa kurudia, na mwalimu wa chekechea huimba a-e-i-o-u mwaka mzima bila kumtoza mtu. Kwa sidii, kurudia kulikuwa bure. Kwa kutiririsha, kurudia ndiko kunakolipiwa, na mwenye kurudia zaidi ni yule mdogo anayeanza kujifunza. Hapo ndipo nasema tulipoteza kitu, ingawa sitaki sidii zirudi. Mtandaoni mimi mwenyewe hupata majaribio ya Kemia ambayo hayangefika duka la sinema hata siku moja.

Dawa ni kuwa na tangi. Dadangu anafanya kazi Thika, na huko kuna waifai. Ubongo wana mahali wanapowaruhusu watu kupakua vipindi vyao bure, kwa hivyo yeye hupakua na kutuletea kwenye kadi ya memori. Tukilazimika kutiririsha, nachagua ubora wa 240, unaotosha kabisa kwa skrini ya simu, na nazima kile kitufe cha video kufuatana zenyewe. Mama amenifunza pia kuweka kikomo cha data kwenye simu. Nani alimfunza yeye, sijui!

Kitindamimba sasa anafika ishirini, ingawa kumi na sita huiruka kila mara. Sidii yetu ya zamani tumeifunga kwa uzi katika shamba la mtama, inafukuza ndege. Deki bado iko juu ya kabati. Mwalimu wa Fizikia ameniomba niilete tuifungue tuone leza ilipo, lakini mama hajakubali.